Pumzi ya Mtu wa Tano

Machale yalianza kunicheza mwezi wa pili, Jumatano moja ya theluji, katika chumba cha chini cha kanisa la Walutheri tulikokuwa tukifanyia mazoezi. Nilitoa mdomo kwenye tuba, ile ala kubwa ya shaba yenye sauti ya chini kuliko zote, ili nivute pumzi, na sauti yangu haikukatika.

Afadhali nieleze hapa hapa, maana mtu asiyepuliza shaba anaweza kudhani hilo ni jambo jema. Katika bendi kubwa yenye tuba nne au tano, wapulizaji hupokezana pumzi. Huyu akivuta, yule anaendelea, na msikilizaji hajui kitu. Mimi ni mwalimu wa bendi ya shule, na wanafunzi wangu nawafundisha hivyo hivyo. Lakini kikundi chetu kilikuwa cha watu watano tu: tarumbeta mbili, pembe ya kujikunja, tromboni na tuba, kila mtu na njia yake peke yake. Kwa watu watano hakuna kupokezana. Ukinyamaza ili uvute pumzi, ukimya ule ni wako. Mwenzako akiingia kuuziba bila kuombwa, ni sawa na mtu kukukatia nyama sahanini mbele ya wageni.

Basi nilivuta pumzi, na huko chini, mahali ambapo hapakuwa na mtu ila mimi, sauti ikaendelea. Nikageuka. Delbert Tuggle, mpuliza tromboni wetu, mpeleka barua kwa kazi yake, mtu niliyekula naye soseji na kunywa naye bia tangu tuanze kikundi, alikuwa anatazama dari.

“Delbert,” nikasema tulipofika mwisho, “ulikuwa unapiga nini pale?”

“Pale wapi?”

“Usinifanye bwege. Pale nilipovuta pumzi.”

“Aa, pale.” Akaanza kumwaga maji ya pumzi yanayokusanyika kwenye tromboni, na maji yenyewe hayakutoka. “Nilipotea mstari, bwana. Macho haya si ya jana.”

“Ukapotea mpaka ukaangukia kwenye mstari wangu?”

“Sasa ningeangukia wapi? Jirani yangu si wewe?”

Ruth Oberlander, mwenye pembe, akacheka. Alicheka kwa nguvu mno kwa utani mdogo kiasi kile, nami nikauweka moyoni ule mcheko.

“Ukipotea tena,” nikamwambia Delbert, “nakung'oa meno, na Pruitt yupo hapa atakuwekea mengine.”

Clyde Pruitt, tarumbeta ya pili, ni daktari wa meno. Siku nyingine yoyote angenijibu kwa mzaha mkubwa kuliko wangu. Siku hiyo aliinama akawa anafuta tarumbeta ambayo haikuwa na vumbi.

“Turudie,” akasema Everett Haskins. “Na safari hii tuipeleke haraka kidogo.”

Hapo sasa nikajua kuna jambo. Haskins ndiye tarumbeta ya kwanza na kiongozi wetu, mhasibu wa kiwanda cha rangi, mtu wa kusimamisha mazoezi robo saa nzima kwa ajili ya sauti moja iliyopulizwa fupi. Tangu lini Haskins akabadilisha mwendo alioandika mtunzi? Na mtunzi mwenyewe hakuwa marehemu wa Ulaya asiyeweza kulalamika. Alikuwa Wendell Prouty, anayefundisha muziki ng'ambo ya pili ya mji, na muziki huo alituandikia sisi. Mjue kwamba kwa miaka mingi watu wa shaba tulilishwa makombo: vipande vya kale vya Wajerumani na Wataliano, vilivyotungwa kwa ala nyingine, vikapunguzwa vitutoshe. Sasa Wamarekani wenyewe walikuwa wameanza kutuandikia vya kwetu, na hiki cha Prouty kilikuwa cha kwanza kuandikwa kwa ajili ya watu watano wa Cleveland. Tulikuwa tukipige mara ya kwanza mwezi wa tano, katika ukumbi wa jumba la sanaa.

Sehemu ya pili ya muziki huo ni yangu. Wale wanne huingia na kutoka huko juu wapendavyo, mimi nipo chini nikishika sauti ndefu, inayofuatwa na nyingine ndefu zaidi. Juu yake Prouty aliandika: polepole, bila huruma. Aliniambia kwa mdomo wake, “Zalokar, hii niliiandika nikikifikiria kifua chako.” Sijawahi kusifiwa na mtu msomi namna ile. Baba yangu alipuliza tuba kwenye harusi za Waslovenia mtaa wa St. Clair maisha yake yote, na sifa aliyopewa ilikuwa glasi nyingine ya mvinyo.

Wakaipeleka haraka. Nami nikaketi pale nikipuliza, nikijiambia: Lojze, kikulacho ki nguoni mwako.

Nyumbani Milka, mke wangu, alikuwa amepika supu ya shayiri.

“Umekohoa leo?” akauliza, hata kabla sijavua koti.

“Nimekohoa kama watu wote wa Cleveland wanavyokohoa.”

“Na ngazi za kanisa?”

“Ngazi zina nini? Ngazi hazijambo, zinakusalimu.”

Kikohozi hicho nilikuwa nacho tangu majira ya kupukutika majani. Daktari alinipiga picha ya kifua, akasema ni mkamba, akaniandikia dawa ya maji na kunikataza kiko. Kisha akamwita Milka chumbani kwake peke yake, kumwelekeza mambo ya chakula, na tangu hapo nyumba yetu haikuishiwa supu.

“Wananizunguka, Milka,” nikasema.

“Nani?”

“Haskins na genge lake. Wanataka kiti changu.”

Akageukia jiko. “Nani atakitaka kiti chako? Kimebonyea.”

Wakati mwingine wowote ningecheka. Lakini Milka hakujua mambo yanayotendeka huko mashariki. New York, vikundi vingine vilikuwa vimeanza kuitoa tuba na kuweka tromboni ya besi kwenye kiti cha tano. Eti ni nyepesi, eti sauti yake ni safi, eti tuba inafaa gwaride na polka, ngoma za harusini. Haskins alikuwa na dada huko, na kila akienda kumtembelea hurudi na mawazo. Nilimweleza Milka yote hayo. Alikoroga supu ambayo ilikuwa imeshaiva.

“Labda wamechoka tu,” akasema.

“Mtu aliyechoka haendi haraka.”

Akaenda kutafuta bakuli, na mimi nikaliongeza hilo kwenye hesabu.

Wiki iliyofuata niliingia nyumbani nikamkuta kwenye simu. “Haya, Bwana Haskins, asante sana,” alikuwa anasema, na aliponiona akaiweka simu upesi kama ya moto.

“Haskins anataka nini kwako?”

“Aa, anauliza kama nitawatengenezea potica siku ya onyesho.”

Sasa, potica ya mke wangu ni mkate mtamu uliojaa jozi za kusaga kutoka mwisho mpaka mwisho. Na Haskins ndiye aliyetupiga marufuku kula jozi, karanga na jamii yake yote siku za kupuliza, chembe zisije zikaingia kwenye shaba. Mwaka mmoja alimfukuza Pruitt akasukutue kwa sababu ya biskuti. Mtu huyo huyo apige simu kuomba potica? Milka alikuwa anasema uongo, na wala hakujua kuusema.

Haskins ni mjane. Ana gari jipya aina ya Buick, na nywele zake zote zipo.

Nawaambia mapema kwamba sikujipenda siku zile. Nilimchunguza mke niliyeishi naye tangu vita vya pili vya dunia viishe. Nilinusa kitambaa chake cha kichwa. Milka ni mtu wa kulala mpaka jua lipande, lakini ghafla akawa anaamka gizani akitoka, siku za kazi, eti anaenda misa ya asubuhi. Nikamfuata. Alikuwa kanisani kweli, amepiga magoti peke yake karibu na altare, uso ameufunika kwa mikono. Nilirudi nyumbani kwa kuburura miguu, na badala ya kutulia nikaanza kujiuliza ametenda nini kinachohitaji toba ya namna ile.

Mazoezini mambo yalizidi. Kila nikivuta pumzi, Delbert yupo. Nikimtazama, anatazama dari. Ruth aliniletea mto wa kukalia. Pruitt alijitolea kunibebea tuba ngazini, nikamwambia aniachie mzigo wangu, siku nikitaka mchukuzi nitaenda stesheni. Wote wakawa na adabu ya kuniudhi. Watu ambao jana walikuita tumbo la kengele, leo wanakuuliza umelalaje! Nilijua mtu hutendewa hivyo akiwa anakaribia kufukuzwa.

Jumamosi moja, nikitoka buchani na soseji zangu, niliona gari la Delbert limeegeshwa nje ya kanisa la Walutheri. Jumamosi hatuna mazoezi, na Delbert ni Mbatisti. Nyuma ya gari lake ilikuwapo Buick.

Nikashuka zile ngazi. Katikati ilinibidi nisimame na kushika ukuta, kifua kinadunda, nikadhani ni hasira. Na hapo nikaisikia. Ilikuwa sehemu ya pili, mstari wangu, sauti zangu ndefu moja baada ya nyingine, na aliyekuwa akizipuliza hakuwa na tuba. Ilikuwa tromboni ya besi. Sauti yake ina makali pembeni, huwezi kuikosea. Haskins alikuwa anahesabu kwa kugonga mguu.

Nilisukuma mlango.

“Endeleeni,” nikasema. “Mnaendelea vizuri. Kimebaki kiti tu, au nacho mmeshakipima?”

Delbert aliishusha ile ala kubwa magotini. Haskins akasimama.

“Lojze! Hatukukutarajia.”

“Hilo naliona.”

“Tumeiazima tu. Ni tahadhari.”

“Tahadhari ya nini?”

“Ya... ukumbi. Ukumbi ule unameza sauti za chini, nasi tukafikiri, kwa kuwa...”

“Haskins, wewe ni mhasibu, na huwezi hata kudanganya vizuri? Sema tu. Sema unataka besi ya New York. Sema mtu wa polka hafai jumba la sanaa. Nitafungua koo nikutukane, tutamalizana, nitakwenda zangu!”

“Si hivyo.”

“Ni vipi basi?”

“Everett, basi,” akasema Delbert. “Inatosha, bwana. Mimi siwezi tena.” Alinitazama, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. “Lojze, nenda nyumbani. Kamuulize Milka.”

Damu ilinipanda. “Mke wangu anaingiaje hapa?” Nikamgeukia Haskins, ngumi moja nimeikunja na nyingine imeshika mfuko wa soseji. “Kwa hiyo ni kweli! Wewe na mke wangu!”

“Mimi na nani?” akasema Haskins.

Alishangaa mno. Kisha macho yake yakajaa machozi, mtu ambaye sikuwahi kumwona hata akipiga chafya bila ratiba. Nilijua palepale kwamba lile halikuwapo, wala halijawahi kuwapo. Na lilipoondoka, nilibaki nimesimama bila shuku yoyote mkononi isipokuwa moja, ambayo wakati wote ule nilikuwa nimeipa mgongo.

Niliziweka soseji juu ya kiti changu, sijui kwa nini, nikapanda ngazi polepole.

Milka alikuwa mezani anasukuma unga. Nikaketi mbele yake na koti langu.

“Daktari alisema nini, Milka?”

“Alisema mkamba.”

“Milka.”

Akaacha kusukuma. Alikunja mikono yake yenye unga mapajani, akachafua gauni lake jeusi, wala hakujali.

“Mapafu,” akasema. “Yote mawili. Hakuna la kukata wala kushona. Alisema kiangazi utakiona, labda.”

“Kukiona mwanzo au mwisho?”

“Sikumuuliza. Ningeulizaje?”

“Na mimi nisiambiwe.”

“Alinikataza! Alisema wanaume wakijua hujilaza na hawaamki tena. Kila mke anaambiwa hivyo, Lojze, muulize mjane yeyote mtaani. Nilifikiri nitaweza. Nimekupikia, nimekuchekea, nimekwenda kusali ili nilie mahali usiponiona.”

“Lakini tarumbeta umeziambia.”

“Haskins alikuja mwenyewe. Yule mtu ana masikio. Alisema, Lojze anavuta pumzi mara mbili pale alipokuwa anavuta mara moja, ana nini? Nikamwambia. Alitaka waahirishe, wakungojee upone. Nikamwambia hatapona. Nikamwomba. Nikasema mkimtoa, atajua. Mwacheni akae, mzibeni.”

“Mzibeni,” nikasema.

“Ndiyo. Na kama siku ya onyesho pumzi itakwisha kabisa, Delbert awe na ile nyingine magotini, watu wasijue. Wewe mwenyewe usijue.”

Nilipiga kelele. Sitaki kuyaandika niliyoyasema, mengine niliyasema kwa Kislovenia kwa sababu huko kuna matusi yanayotosha. Nilimwita mwongo, nikamwita daktari muuaji, nikawaita wale wanne wachuuzi wa huruma. Aliniacha.

“Umemaliza?” akauliza.

“Sijamaliza.”

“Haya, endelea.”

Lakini kikohozi kikanishika, nikashindwa kuendelea, akaja akanishika mgongo, na unga wake ukabaki kwenye koti langu. Nitasema lililokuwa moyoni: nilitamani wangekuwa wezi. Mwizi unamjua, unapambana naye, ukimshinda unarudishiwa kitu chako. Nilikuwa nimewakamata wote, sina adui hata mmoja, na kitu changu kinaondoka vilevile.

Tangu siku hiyo sijui tena salamu ipi ni salamu. Mkuu wa shule akiniambia niketi, najiuliza nani amemwambia. Muuza maziwa amesema leo naonekana vizuri, nikakaa asubuhi nzima nikilichambua neno “leo”. Wanafunzi wangu wametulia darasani, jambo lisilowezekana. Zamani nilimshuku mtu akinifanyia ubaya. Sasa nashuku kila wema, na wema ni mwingi kuliko ubaya, hauna mapumziko.

Jumatano nilikwenda mazoezini. Nilibeba tuba mwenyewe, nikapumzika ngazini mara nilizotaka, na wale waliokuwa huko chini walinisikia nikihema, wakaniacha mpaka nikafika. Hakuna aliyeniuliza nimelalaje. Ruth alikuwa na macho mekundu. Tromboni ya besi ilikuwa imesimama kwenye kona, imefunikwa kwa shuka kama maiti, na Delbert ameipa mgongo.

Tulipofika sehemu ya pili Haskins aliinua tarumbeta, akaanza kuhesabu ule mwendo wa haraka.

“Si hivyo,” nikasema. “Alivyoandika.”

“Lojze, kwa mwendo ule...”

“Najua kwa mwendo ule. Mimi ndiye ninayepuliza. Alivyoandika, Everett.”

Alimtazama Pruitt, Pruitt akatazama viatu vyake. Kisha Haskins akahesabu polepole, kama ilivyoandikwa, na tukaanza.

Sauti ya kwanza niliishika mpaka mwisho. Ya pili nayo, kwa shida. Ya tatu ilinifia katikati. Nikatoa mdomo, nikavuta pumzi, na chini hapakuwa na kitu. Pembe ya Ruth ilibaki inaning'inia huko juu peke yake, haina pa kukanyaga. Ulikuwa ukimya wangu halali, nilioupigania tangu mwezi wa pili, na niliposikia ukubwa wake niliogopa. Naogopa hata sasa ninapousimulia.

Wote wakaacha kupuliza.

“Mbona hukuingia?” nikamuuliza Delbert.

“Ulinikataza, bwana. Si umesema alivyoandika?”

“Kachukue ile nyingine.”

Alikwenda kwenye kona, akaivua shuka, akarudi nayo. Alijaribu bomba lake la kuvuta mara mbili, ingawa lilikuwa laini.

“Nikivuta pumzi, ingia,” nikamwambia. “Nikirudi, usitoke upesi. Subiri mpaka uwe na hakika nimeshika.”

“Sawa.”

“Na usitazame dari. Nitazame mimi.”

“Sawa, Lojze.” Aliweka mdomo kwenye shaba, akautoa tena. Mpeleka barua yule hakuzaliwa na uongo. “Na usiporudi?”

Ruth alisema, “Delbert!” kwa sauti ya chini. Lakini katika miezi yote ile lilikuwa swali la kwanza la kweli kuulizwa mbele yangu, na nilimshukuru kwalo, nikamwambia hivyo.

“Nisiporudi, shika wewe mpaka mwisho,” nikasema. “Wala msiende haraka.”

Haskins akainua tarumbeta, akaanza kuhesabu.